Mpasuaji mfungwa hakuwa kinyozi aliyeokota kisu

Nimekutana nayo tena, na safari hii siiachi ipite: kwamba William Redfern, mpasuaji mfungwa wa Sydney, koloni la Australia ambako Uingereza ilipeleka wafungwa wake, "hakuwa na cheti", kwa hiyo alikuwa mbabaishaji aliyejifunzia kazi kwenye miili ya wafungwa wenzake. Wanaosema hivyo wana ushahidi mmoja tu, mtihani aliofanyiwa Septemba 1808, na ushahidi wenyewe wanausoma kichwa chini miguu juu.

Uingereza ya mwisho wa karne ya 18 haikuwa na daktari wa aina moja. Kulikuwa na tabibu wa chuo kikuu, mjuzi wa Kilatini, anayetazama ulimi na mkojo kisha anaandika dawa. Kulikuwa na mchanganya dawa mwenye duka lake. Na kulikuwa na mpasuaji, fundi wa mikono, aliyejifunza kwa kukaa chini ya mwalimu wake miaka kadhaa kama anavyojifunza seremala. Mpaka 1745 wapasuaji wa London walikuwa chama kimoja na vinyozi, na baada ya kutengana wakawa na chama chao na watahini wao. Hadi leo mpasuaji wa Uingereza huitwa Bwana, haitwi Daktari. Ukikuta hati za Sydney zimeandika "Bwana Redfern", hujafichua siri yoyote. Ndivyo walivyoitwa wote.

Januari 1797 Redfern alifaulu mtihani wa chama hicho cha London, akapewa nafasi ya msaidizi wa mpasuaji katika manowari ya Standard. Mtihani wenyewe ulikuwa wa mdomo: unasimama mbele ya watahini, wanakuuliza mifupa, mishipa, majeraha, na namna ya kuzuia damu. Miezi michache baadaye mabaharia wa manowari zilizotia nanga Nore, mdomoni mwa mto Thames, waliasi kwa sababu ya mshahara na chakula. Redfern aliwaambia mabaharia washikamane zaidi. Kosa lake ni hilo. Mahakama ya kijeshi ikamhukumu kifo, akasamehewa kunyongwa kwa ajili ya ujana wake, akakaa jela miaka minne, kisha akapakiwa katika meli ya Minorca iliyofika Sydney Desemba 1801.

Sasa huo mtihani wa 1808. Kufikia hapo alikuwa ameshatibu watu miaka sita. Mwaka 1802 alipelekwa kisiwa cha Norfolk kuwa mpasuaji msaidizi, na 1803 Gavana King akampa msamaha kamili. Aliporudi Sydney 1808, Foveaux, aliyekuwa akiliongoza koloni wakati huo, alitaka kumpa wadhifa wa serikali, lakini Redfern hakuwa na hati za kuonyesha kwamba alikwisha kutahiniwa London. Wapasuaji watatu wa koloni, Thomas Jamison, John Harris na William Bohan, wakakaa kumtahini upya na wakamthibitisha kuwa anastahili kuifanya kazi hiyo. Ulikuwa mtihani wa kwanza wa aina hiyo Australia. Kwa maneno mengine, huyu ni mtu aliyetahiniwa mara mbili, na mara ya pili alihojiwa na wenzake wa kazi waliojua vizuri magonjwa ya pale. Unawezaje kuuchukua mtihani aliofaulu ukaufanya ushahidi wa ujinga? Hapo ndipo ninapopoteza subira.

Wala hakuwa wa kwanza. John Irving, mfungwa aliyekuja na msafara wa kwanza wa meli za wafungwa wa 1788, alikuwa amesomea upasuaji kabla ya kuhukumiwa. Gavana Phillip alimwachia huru 1790 ili asaidie hospitalini kwa sababu mikono haikutosha. Koloni liliwatumia kwa kuwa liliwahitaji.

Kosa la pili ni kudhani kwamba kazi yao ilikuwa kukata miguu. Msumeno ulikuwemo kwenye sanduku, ni kweli, na kabla ya 1846 hakukuwa na dawa ya usingizi ya kutegemewa, kwa hiyo mpasuaji alifunga kiungo kwa mkanda wa kubana damu na kumaliza kukata kwa dakika chache. Lakini kwa siku ya kawaida alikuwa akitibu kuhara damu, homa, macho mekundu, vidonda vya miguu visivyopona, magonjwa ya zinaa na kiseyeye. Redfern aliongeza jambo ambalo halikuwapo: kila siku aliwaona wafungwa wa magenge ya kazi kama wagonjwa wa nje, wakatibiwa bila kulazwa. Na kwa wateja wake wa binafsi alisifika zaidi kwa ukunga. Nyumba ya Gavana Macquarie na ya akina Macarthur, walowezi wakubwa wa pale, zilimwita yeye.

Kiseyeye nataka nikae nacho kidogo, maana hapo ndipo unapoona mpasuaji mzuri na mbaya wanatofautianaje. Baharia au mfungwa akikaa miezi miwili mitatu kwa nyama ya chumvi na biskuti kavu, mwili unakosa vitamini C na hauwezi tena kujenga nyuzi zinazoshikilia nyama na mishipa midogo. Kwanza anachoka, watu wanadhani ni mvivu. Halafu fizi zinavimba hadi zinafunika meno na kutoa harufu. Miguuni, hasa penye vinyweleo, yanatokea madoa ya damu. Kovu la miaka kumi iliyopita linafunguka kama jeraha la jana. Mwisho mtu anasimama ghafla na kuanguka amekufa. Dawa yake ni kitu kibichi: ndimu, limau, majani. Jeshi la majini la Uingereza lilianza kuwagawia mabaharia wake maji ya limau kwa amri tangu 1795, lakini meli za wafungwa ziliendeshwa na makampuni ya kukodiwa, na huko ndimu ilitegemea nahodha na mpasuaji wake. Kitu kingine kinachosahaulika: ukichemsha maji ya ndimu kwenye sufuria ya shaba ili yasioze, unaua sehemu kubwa ya ile ile dawa unayoitaka. Waliokuwa na ndimu na bado wakaugua hawakuwa waongo.

Ubaya wa mkataba ulionekana mapema. Msafara wa pili, uliofika 1790, ulipewa kampuni iliyozoea kusafirisha watumwa, nayo ililipwa kwa kila mfungwa aliyepanda meli, awe atafika hai au maiti. Zaidi ya 250 walikufa njiani, kama robo ya wote, na mamia wakashushwa wakiwa hoi, wengine hawawezi kusimama. Hospitali ya kubebeka, mbao na vipande vya kuunganisha, ililetwa mwaka huo huo na ikasimamishwa kwa siku chache. Haikutosha, mahema yakajazwa pembeni yake.

Ndiyo maana kazi kubwa ya Redfern ilifanywa kwa kalamu. Mwaka 1814 zilifika meli tatu: General Hewitt iliyopoteza wafungwa 34 kati ya 300, Three Bees iliyoshusha makumi ya wagonjwa wa kiseyeye, na Surry. Surry ndiyo iliyotisha. Homa ya chawa iliua wafungwa 36, nahodha, wasaidizi wake wote wawili, na mpasuaji mwenyewe. Ilikutana baharini na meli nyingine, na ikabidi mtu ajitolee kutoka huko kwenda kuiongoza mpaka bandarini. Waliokuwemo waliwekwa kwenye mahema ng'ambo ya kaskazini ya bandari, mbali na mji, karantini ya kwanza ya koloni.

Macquarie alimtaka Redfern aeleze kwa nini watu wanakufa. Ripoti yake ya tarehe 30 Septemba 1814 ina mambo manne: nguo, chakula, hewa na matibabu. Yasome polepole. Mfungwa anayepitia Atlantiki ya baridi kwa nguo nyembamba hujikunyata chini na kuziba kila upenyo. Ngama ikiloweshwa kila siku kwa kuoshwa bila kukaushwa, unyevu unabaki kwenye matandiko. Wakizuiwa kupanda juu, hewa ile ile inazunguka vifuani mwa mamia ya watu. Na mpasuaji anayeajiriwa na mwenye meli hawezi kumwambia nahodha fungua milango, kwa sababu nahodha ndiye bosi wake. Pendekezo la Redfern lilikuwa kupeleka wapasuaji wenye uzoefu kutoka jeshi la majini, watakaowajibika kwa serikali. Kuanzia 1815 likafuatwa: kila meli ya wafungwa ikaanza kupata mpasuaji msimamizi, na vifo vikashuka sana.

Hapa lazima niseme jambo ambalo vitabu vya kumsifu hulipita. Redfern hakujua kwamba homa ya Surry inabebwa na chawa. Hakuna aliyejua mwaka ule. Aliamini hewa chafu na uvundo. Alichoagiza kilifanya kazi kwa sababu kuosha watu, kubadilisha nguo na kupunguza msongamano kunaondoa chawa, hata kama wewe unafukuza harufu. Vilevile siwezi kumtetea kwa kutoa damu. Kufunga mkono juu ya kiwiko, kuchanja mshipa kwa kijembe na kukinga bakuli hadi wakia kumi na zaidi zijae, hiyo ilikuwa tiba ya kawaida ya homa, na mgonjwa aliyekwisha kudhoofika kwa kuhara ilimsogeza kaburini. Kuna pia suala la dawa za hospitali ya serikali kutumika kwa wagonjwa wa kulipa. Lilikuwa jambo la mazoea pale, na sioni sababu ya kulifunika.

Hospitali yenyewe, ile ya barabara ya Macquarie iliyofunguliwa 1816, ilijengwa kwa ramu: wajenzi watatu walilipwa kwa haki ya kuingiza galoni 45,000 za pombe hiyo. Mmoja wao alikuwa D'Arcy Wentworth, mpasuaji mkuu. Jengo lilipendeza kwa nje kwa veranda zake ndefu. Ndani, mgonjwa alipewa ratili ya nyama na ratili ya unga, vyote vibichi, apike mwenyewe wodini. Wapi mgonjwa wa kuhara damu atapata nguvu ya kuchochea moto? Nyama iliuzwa au ilibadilishwa kwa kitu kingine. Jua likizama milango ilifungwa kwa nje hadi asubuhi. Haya yalielezwa na Henry Cowper, kijana aliyejifunza kazi chini ya Redfern.

Na kulikuwa na mjeledi wa mikia tisa. Mpasuaji alitakiwa kuwapo, akimwangalia anayechapwa, akishika mapigo ya moyo, na alikuwa na uwezo wa kusimamisha. Ila kusimamisha kulimaanisha kwamba viboko vilivyobaki vingeweza kumaliziwa mgongo ukishapona, na anayeuponya mgongo ni yule yule aliyesimamisha. Kwa mpasuaji aliyewahi kuhukumiwa kunyongwa, sijui neno la Kiswahili linalotosha kuieleza kazi hiyo.

Wentworth alipostaafu 1819, Redfern alikuwa ametumikia serikali miaka kumi na saba, na kila mtu mjini alitarajia atarithi nafasi. Hakupewa. Alipewa James Bowman. Redfern akajiuzulu, Macquarie akamfanya hakimu, na kamishna Bigge, aliyetumwa kutoka London kulichunguza koloni, akapinga mtu aliyewahi kuwa mfungwa kukaa kwenye kiti hicho. Mwaka uliofuata akaondolewa. Bigge alikuwa amefika 1819 kwa meli ya wafungwa iitwayo John Barry. Mpasuaji msimamizi wa meli hiyo, aliyeshika cheo kilichotokana na ripoti ya 1814, alikuwa James Bowman.