Kabla Dalali Hajafika Dukani: Njia Ambazo Sheria ya Ufilisi Inampa Mdaiwa

Wengi wanaotujia kuomba ushauri kuhusu madeni huja wakati dalali ameshaingia dukani, ameorodhesha friji, vyerehani na rafu za bidhaa, na ameacha karatasi inayompa mwenye mali siku 7 za kulipa kabla vitu havijabebwa. Hapo sheria bado ina la kufanya, lakini ni kidogo kuliko ambavyo ingefanya miezi sita nyuma. Tangu Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 ichukue nafasi ya ile tuliyoirithi kutoka enzi za ukoloni, Kenya ina njia kadhaa za kumpumzisha mdaiwa mwaminifu bila kumtangaza muflisi, na karibu zote humfaa zaidi anayejitokeza mapema.

Kwanza tuondoe dhana moja ambayo imewagharimu wafanyabiashara wengi wa Gikomba, Kamukunji na Kirinyaga Road jijini Nairobi. Kusajili jina la biashara si kufungua kampuni. Aliyesajili jina tu, hata kama ana muhuri, risiti zilizochapishwa na kibali cha kaunti, yeye na biashara yake ni mtu mmoja mbele ya sheria, na deni la duka linaweza kufuatwa hadi kwenye kochi la nyumbani. Mwenye kampuni ana kinga zaidi, ingawa kinga hiyo hutoboka pale mkurugenzi anapoitia saini benki dhamana yake binafsi, yaani ahadi kwamba kampuni ikishindwa atalipa yeye mwenyewe, jambo ambalo wakurugenzi wa kampuni ndogo hufanya mara nyingi bila kusoma walichokitia saini.

Kwa mtu binafsi, njia ambayo ningependa ijulikane zaidi ni amri ya kulipa kwa awamu. Tuchukue mfano wa mama anayeuza viatu vya mitumba, ambaye anadaiwa 180,000 na muuza marobota, 70,000 na chama cha akiba na mikopo, na 60,000 na kampuni za mikopo ya simu. Jumla ni shilingi 310,000, na hakuna hata moja kati ya madeni hayo lenye dhamana, yaani hakuweka mali yoyote rehani kwa ajili yake. Kwa kuwa madeni yake yasiyo na dhamana hayazidi shilingi 400,000, anaweza kumwomba Mpokezi Rasmi, yaani afisa wa serikali anayesimamia masuala ya ufilisi chini ya Huduma ya Usajili wa Biashara, atoe amri ya kuyalipa kidogo kidogo kwa muda usiozidi miaka 3, au hadi miaka 5 kukiwa na sababu maalumu. Amri ikishatolewa, wadai wanaohusika hawawezi kumkimbiza mmoja mmoja kama walivyozoea. Jambo la kuangalia ni kwamba amri hii haigusi deni lenye dhamana, kwa hiyo pikipiki iliyochukuliwa kwa mkopo au gari ambalo logibuku yake, yaani hati ya umiliki, iko kwa mkopeshaji linaweza bado kuchukuliwa.

Asiye na chochote cha kuuza wala kipato cha kukata ana njia nyingine, ya mdaiwa asiye na mali, iliyo wazi kwa mwenye madeni yasiyopungua shilingi 100,000 na yasiyozidi milioni 4. Akikubaliwa, kwa kawaida husamehewa madeni hayo baada ya miezi 12. Hutolewa mara moja tu maishani, na haitolewi kwa aliyewahi kutangazwa muflisi wala kwa aliyeficha mali. Hapa niseme wazi kuhusu desturi ya kuhamishia gari au kiwanja jina la kaka au shemeji mambo yanapoanza kuharibika: miamala ya namna hiyo inaweza kutenguliwa, na humwondolea mdaiwa sifa ya uaminifu ambayo njia hizi zote zinaitegemea.

Kutangazwa muflisi hasa ndiyo hatua nzito. Mali hukabidhiwa msimamizi, ingawa muflisi huachiwa vifaa vya kazi na vyombo vya nyumbani kwa kiwango kilichowekwa. Hawezi kuwa mkurugenzi wa kampuni, na kwa mujibu wa Kifungu cha 99 cha Katiba hawezi kuchaguliwa kuwa mbunge kabla ya kuondolewa hali hiyo. Kwa kawaida huondolewa miaka 3 baada ya kuwasilisha taarifa ya mali na madeni yake, na anayechelewa kuiwasilisha anachelewesha mwenyewe saa hiyo kuanza kuhesabu. Madeni yaliyotokana na ulaghai na fedha za matunzo ya familia hubaki palepale.

Upande wa kampuni, badiliko kubwa la karibuni lilikuja na marekebisho ya sheria za biashara ya mwaka 2021, yaliyoiruhusu kampuni yenye shida kuomba kusitishiwa hatua za wadai kwa siku 30 huku wakurugenzi wakiendelea kuiendesha chini ya jicho la mtaalamu wa ufilisi. Ni badiliko jema, ila kwa maoni yangu limempita mwenye kibanda, kwa kuwa limewekewa kampuni, na ada ya mtaalamu peke yake inaweza kuzidi bidhaa zote alizonazo mfanyabiashara mdogo. Yeye hukutana na ufilisi wa kampuni akiwa upande wa pili, kama mdai. Kampuni ya maduka makubwa ya Nakumatt ilipowekwa chini ya msimamizi Januari 2018, na wadai wakapiga kura miaka miwili baadaye ivunjwe, wauzaji waliokuwa wameiletea bidhaa kwa mkopo walijikuta nyuma ya foleni ya wenye dhamana. Anayeliuzia duka kubwa kwa ahadi ya kulipwa baada ya siku 90 ajue kwamba kwa siku hizo amekuwa mkopeshaji asiye na dhamana.

Kuhusu hofu ya jela, Mahakama Kuu ilieleza mwaka 2012 kwamba mdaiwa hafungwi kwa sababu ya kushindwa kulipa tu. Ni lazima ionekane kwamba ana uwezo na anakataa. Nao wakopeshaji wa simu wenye leseni, chini ya kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022, hawaruhusiwi kumtukana mdaiwa wala kuwapigia watu walio kwenye simu yake ili kumwaibisha.

Anayekusudia kuomba mojawapo ya njia hizi aje na orodha kamili ya wadai, kiasi anachodaiwa na kila mmoja, taarifa za M-Pesa na benki, na hati ya dhamana yoyote aliyowahi kuitia saini. Chama na shemeji waliomkopesha nao waandikwe, hata kama hapakuwa na karatasi.