Si kweli kwamba watoto hugongwa kwa kutofundishwa tu

Kila mwanafunzi anapogongwa, neno huwa lile lile: hakufundishwa kuvuka. Mafunzo yanafaa, ila hayatoshi. Mtoto wa darasa la kwanza bado hawezi kukadiria vizuri kasi ya gari linalokuja, na kwa kimo chake anafichwa na daladala iliyosimama kituoni. Dereva anamwona akiwa tayari katikati ya barabara.

Hapo kinachoamua ni mwendo. Gari likienda kilomita 30 kwa saa husimama ndani ya mita 13 hivi, tangu dereva aone hatari. Kwa kilomita 50 linahitaji karibu mita 28, na hiyo ni kwenye lami kavu, breki zikiwa nzima.

Ndiyo maana mradi wa SARSAI wa shirika la Amend, jijini Dar es Salaam, ulishughulikia barabara yenyewe karibu na shule: matuta, vivuko vya pundamilia, njia za waenda kwa miguu, hata kuhamisha geti la shule. Mwaka 2019 ulituzwa na World Resources Institute, taasisi ya utafiti ya Marekani. Matuta hayo hayo huwafaa waendesha baiskeli, wanaopita pembeni bila kinga yoyote kati yao na malori.