Picha ni yangu, sura ni yake: dhana potofu kuhusu kupiga watu picha

Nasomea uandishi wa habari, na somo lililonishika kuliko yote ni la picha. Muda mwingi wa vipindi vyake huenda katika kubishana kuhusu watu: nani apigwe, kwa ruhusa ya nani, na picha iende wapi. Katika mabishano hayo kuna kauli zinazorudi kila mara, darasani, kwa wapiga picha wa harusi, hata kwa wahariri waliobobea. Baadhi zina chembe ya ukweli, ndiyo maana zinadumu. Naziandika hapa kwa kuwa naamini zinaumiza watu.

“Akiwa hadharani, ruhusa haihitajiki”

Kupiga picha ya barabara, soko au mkutano wa hadhara si kosa, na habari yenye maslahi kwa umma ina nafasi yake. Ila kupiga ni jambo moja na kutumia ni jambo jingine. Picha ambayo mtu anatambulika ni taarifa yake binafsi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023.

Sheria hizi zina meno. Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya iliitoza sehemu moja ya burudani faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Shule moja nayo ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kutumia picha za wanafunzi wadogo bila ridhaa ya wazazi. Mteja yule alikuwa mbele ya watu chungu nzima, na bado sura yake haikugeuka kuwa tangazo la bure. Kwa hiyo mpiga picha wa harusi anayebandika sura za wageni kwenye ukurasa wake wa biashara ajue kwamba bwana harusi alilipia picha, hakununua ridhaa ya wageni.

“Amekubali kupigwa, basi amekubali yote”

Hapa ndipo penye uzito, na ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi.

Machi 1936, Dorothea Lange, mpiga picha aliyekuwa akifanya kazi kwa serikali ya Marekani, alisimama kwenye kambi ya wachuma njegere huko Nipomo, California. Alimkuta mama na wanawe chini ya turubai, akawapiga picha chache, akaondoka. Jina la mama hakuliuliza. Lange alieleza baadaye kwamba mama yule alionekana kuelewa kuwa picha zingeweza kumsaidia. Zilipotoka gazetini San Francisco, serikali ilipeleka chakula kambini kweli, lakini familia ile ilikuwa imeshahama. Picha moja kati ya zile ikawa sura ya umaskini wa Marekani wa miaka ya 1930, ikachapishwa vitabuni na hata kwenye stempu.

Mama huyo alikuwa Florence Owens Thompson. Jina lake lilijulikana mwaka 1978, zaidi ya miaka 40 baadaye, alipoliandikia gazeti la Modesto, mji aliokuwa akiishi. Alisema anatamani asingepigwa picha ile, na kwamba hakupata hata senti moja kutokana nayo. Waliomwangalia miaka yote hiyo walidhani wanamwona mhamiaji mzungu. Kwa asili alikuwa Mcherokee, mmoja wa wenyeji wa kwanza wa nchi ile, na hakuna aliyejua kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Habari ya Sharbat Gula haiko mbali na hiyo. Mpiga picha Mmarekani Steve McCurry alimpiga picha Desemba 1984 katika kambi ya wakimbizi ya Nasir Bagh, karibu na Peshawar, Pakistan, akiwa binti mdogo kutoka Afghanistan. Juni 1985 alikuwa kwenye jalada la jarida la National Geographic. Dunia iliyajua macho yake miaka 17 kabla ya kulijua jina lake, lililopatikana mwaka 2002 alipotafutwa upya. Mwaka 2016 alikamatwa Pakistan kwa kosa la kitambulisho cha kughushi, akarudishwa Afghanistan. Mwaka 2021 Italia ilimpokea. Umaarufu wa uso wake ulikuwa haujamkinga na maisha ya ukimbizi.

Wenzangu husema: lakini hawakukataa. Ni kweli. Tatizo ni kwamba ruhusa waliyotoa, kama ilikuwepo, ilikuwa ya dakika ile. Ridhaa iliyokamilika ina mambo zaidi: anayepigwa ajue picha itaonekana wapi, itaonwa na nani, itaandikiwa maneno gani, na kwamba kesho anaweza kusema hapana. Mtu ambaye hajawahi kuona jarida la kimataifa hawezi kuridhia kuwa kwenye jalada lake kwa kutikisa kichwa tu. Inabidi aelezwe, na kueleza kunachukua muda mrefu kuliko kupiga.

Ukienda kijijini na kamera, swali linalokuja mapema ni: “Na sisi tutazipataje?” Nimesikia wapiga picha wakilalamika kwamba swali hilo linawasumbua. Mimi naliona ndilo swali la msingi kuliko yote yaliyomo katika vitabu vyetu vya maadili. Lijibiwe kwa vitendo: andika jina lake kama anavyoliandika mwenyewe, chukua namba ya simu, mtumie picha kwa WhatsApp, na kama hana simu janja, safisha nakala moja umpelekee. Gharama ya kusafisha picha moja ni ndogo mno kuwa kisingizio.

“Kamera haina upendeleo”

Kamera imetengenezwa na watu, na watu hao walikuwa na sura fulani vichwani mwao. Kwa miongo kadhaa maabara za filamu za rangi zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, zilizoitwa kadi za Shirley. Uso mweupe ukitoka vizuri, kazi imekwisha. Nyuso nyeusi zilitoka kama kivuli chenye macho na meno. Miongoni mwa waliosaidia kuleta mabadiliko ni watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazitofautiani rangi pichani. Yaani malalamiko ya mbao yalisikika. Mkurugenzi wa filamu Jean-Luc Godard, alipoalikwa Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1970, alikataa kutumia filamu ya Kodak akisema ina ubaguzi wa rangi.

Kamera za leo ni bora zaidi, ila tatizo halijaisha, na harusi zetu ni ushahidi. Kipima mwanga cha kamera hutafuta wastani, kitu cha rangi ya kijivu. Msimamishe bwana harusi mwenye kanzu nyeupe mbele ya ukuta mweupe: kamera inaona weupe umezidi, inapunguza mwanga, na uso wake unazama gizani. Dawa yake ni kupima mwanga usoni pake, si kwenye kanzu, kisha kuongeza kidogo. Kwenye simu, gusa uso kwenye skrini na utelezeshe kidole juu. Afadhali pia kumtoa kwenye jua la saa sita na kumpeleka kwenye kivuli chenye uwazi upande mmoja, mwanga umfikie kutoka ubavuni, kwa sababu ngozi nyeusi hupendeza kwa ule mng’ao wa mwanga unaoteleza juu yake.

Wapo wanaomaliza tatizo kwa kumng’arisha bibi harusi kwenye kompyuta mpaka mama yake mzazi amtilie shaka. Hilo silikubali. Kama hukujua kuupokea uso wake ulivyo, jifunze mwanga, usimbadilishe yeye. Na usimsogelee sana na simu: lenzi ikiwa karibu na uso, pua hukua na masikio hurudi nyuma. Umbali ndio unaofanya hivyo. Rudi hatua mbili.

“Wamasai hukataa picha kwa kuamini kamera huchukua roho”

Watalii husimuliwa hivi, nao hupenda kusimulia wengine. Vijana wa Kimasai wana simu zenye kamera na wanapigana picha kila siku. Anayekataa kando ya barabara anajua kwamba picha yake inaweza kuuzwa kama kadi ya posta naye asione kitu, au hataki tu, na kutotaka kunatosha. Kumwita mshirikina mtu anayedai haki yake ni njia ya zamani ya kutomsikiliza.

“Picha ya kupangwa ni ya uongo”

Wanafunzi wa habari tunafundishwa kutopanga tukio, na hilo ni sahihi kwa habari. Mwaka 2014 shirika la habari la Associated Press liliacha kufanya kazi na mpiga picha mmoja aliyefuta kamera ya video iliyoonekana pembeni ya picha yake ya vita vya Syria. Kitu kidogo, lakini msomaji alikuwa ameahidiwa kilichokuwepo.

Picha ya sura ina mkataba mwingine. Ingia Capital Art Studio, Mji Mkongwe, Zanzibar, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, utazame picha za zamani. Au tazama kazi za mpiga picha Seydou Keïta, aliyefungua studio Bamako, Mali, mwaka 1948, ambako wateja walikuja na nguo zao bora na kujishikisha redio au saa. Likoni, Mombasa, wapiga picha wa kivukoni katika miaka ya 1990 walitundika mapazia yaliyochorwa meli, ndege na maghorofa, na watu waliotoka bara kutafuta kazi wakasimama mbele yake ili wapeleke picha nyumbani. Hakuna aliyedanganywa. Anayepigwa alichagua nguo, alichagua mkao, alilipa, akaondoka na nakala yake. Mimi naamini studio hizo ziliheshimu watu kuliko kamera nyingi zilizokuja Afrika kutafuta “uhalisia” bila kuuliza mtu chochote.

“Kadiri picha inavyoumiza, ndivyo inavyosaidia”

Mfano unaotolewa daima ni wa mtu wetu. Mohamed Amin, mpiga picha mzaliwa wa Nairobi aliyeanzisha kampuni yake ya Camerapix jijini Dar es Salaam mwaka 1963, alirekodi njaa ya Korem, Ethiopia, na picha zake zikaonyeshwa na BBC tarehe 23 Oktoba 1984. Fedha zilichangwa duniani kote, na tamasha la muziki la Live Aid, la kuchangia waathirika wa njaa hiyo, likafanyika Julai 1985. Maisha yaliokolewa, na sitaki kuipunguza kazi ile hata kidogo.

Ila tazama kilichobaki vichwani. Wengi waliamini ni ukame peke yake, ilhali vita na siasa za serikali ya wakati huo zilikuwa sehemu kubwa ya sababu. Mtoto aliyekonda hawezi kukueleza hayo kwa sura yake. Yanahitaji maelezo ya picha, yanahitaji picha nyingine zinazofuata: barabara iliyofungwa, ghala, mkulima akisema mwenyewe. Simulizi ya picha ni mfululizo, na picha moja inayoliza huwa haina nafasi ya kueleza sababu. Baya zaidi, mashirika mengi yalijifunza kwamba machozi yanaleta pesa, na kwa miaka mingi mtoto wa Kiafrika asiye na jina akawa bango.

Picha ya Kevin Carter, mpiga picha wa Afrika Kusini, ya mtoto aliyedhoofika kwa njaa na tai nyuma yake huko Sudan mwaka 1993, husimuliwa darasani kana kwamba mtoto aliliwa. Carter alisema alimfukuza ndege yule. Mtoto alikuwa karibu na kituo cha chakula, na waandishi walioifuata familia mwaka 2011 waliambiwa na baba yake kwamba alinusurika njaa ile. Picha iliyoishia hapo ilitufanya tumzike mtoto aliyekuwa hai.

“Mwenyeji hawezi kumdhalilisha mwenyeji mwenzake”

Baada ya shambulio la kigaidi kwenye hoteli ya DusitD2, Nairobi, tarehe 15 Januari 2019, gazeti la New York Times lilichapisha picha ya miili ya waliouawa. Wakenya walikasirika, wakadai iondolewe, na Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya likaingilia. Hasira ile ilikuwa ya haki. Lakini Agosti mwaka huohuo, lori la mafuta lilipolipuka Msamvu, Morogoro, na kuua watu zaidi ya 100, picha na video za walioungua zilizunguka kwenye simu zetu, zilizopigwa na sisi wenyewe na kutumwa na sisi wenyewe, bila gazeti la kigeni kuhusika.

Ajali inaweza kusimuliwa kwa lori, barabara, waokoaji, foleni ya wachangia damu. Uso wa marehemu na jina lake ningeviacha mpaka ndugu wawe wameambiwa, na hata baada ya hapo ningewauliza wao kwanza ni picha ipi ya mpendwa wao wangetaka itumike. Karibu kila familia ina moja iliyopigwa akiwa amependeza.