Kampuni ya Programu za Biashara Huishi kwa Matunzo

Anayekuja kwetu kuomba ushauri kuhusu kuanzisha kampuni ya programu za biashara huanza kwa kutuonyesha programu yenyewe. Anafungua kompyuta, anabofya hapa na pale, ankara inatoka, bidhaa ghalani zinapungua, ripoti ya mwezi inajipanga. Kisha anauliza aiuze kwa bei gani. Sisi humrudishia swali jingine: mteja wako wa kwanza akikupigia simu baada ya miaka saba, nani ataipokea, na mshahara wa huyo mpokeaji utatoka wapi?

Hatumuulizi ili kumvunja moyo. Fundi akishauza meza, kazi yake imekwisha na meza itabaki meza. Programu ya mishahara inaweza kukokotoa sawasawa leo, kesho viwango vya kodi vikabadilika, ikawa na makosa bila mtu kuigusa. Mwaka 1974 Meir Lehman, mtafiti aliyechunguza jinsi programu kubwa za IBM, kampuni ya kompyuta ya Marekani, zilivyokuwa zikikua, aliliweka jambo hili kama kanuni: programu inayotumika katika shughuli halisi za watu lazima irekebishwe mfululizo, la sivyo manufaa yake hupungua mwaka hadi mwaka. Mwaka 2000 ulipokaribia, mifumo mingi ya hesabu iliyokuwa ikihifadhi mwaka kwa tarakimu mbili tu (99 badala ya 1999, hivyo 00 ingeweza kusomwa kama 1900) ililazimika kufumuliwa na kushonwa upya. Waandishi wake hawakuwa wazembe. Kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa ghali, na hawakutarajia kazi yao ingedumu hivyo.

Sasa tazama upande wa fedha. Gharama za matunzo zinajirudia kila mwezi, lakini mwanzilishi anauza leseni ya malipo ya mara moja. Mwaka wa kwanza anapata wateja 30 na anajiona amefika. Mwaka wa tatu wateja hao 30 wanapiga simu kutwa, naye hana mapato mapya kutoka kwao, kwa hiyo anatafuta wapya ili awahudumie wa zamani. Wapya nao watapiga simu. Tumeona kampuni zenye programu nzuri na wateja wenye shukrani zikifa hivi hivi, kwa kuzidiwa na simu.

Dawa yake haina maajabu: ada ya kila mwaka, tangu mteja wa kwanza. Kampuni ya SAS ya Marekani, watengenezaji wa programu za kuchambua takwimu, iliyoanzishwa mwaka 1976 na kikundi kidogo cha watu kutoka chuo kikuu, ilikodisha programu yake kwa mwaka badala ya kuiuza kwa malipo ya mara moja, ikakaa zaidi ya miongo minne bila kuuza hisa kwa umma. Leo si ndogo hata kidogo, lakini hesabu iliyoibeba inaweza kubeba kampuni ya watu sita. Ukiwa na wateja 100 na kila mwaka wakaondoka 5, kwa wastani mteja hukaa nawe miaka 20. Wakiondoka 20, hukaa miaka 5 tu, na nusu ya nguvu zako itaishia kuziba pengo. Ndiyo maana huwa tunamwomba mwanzilishi atuambie wangapi wameondoka kabla hajatuambia wangapi wameingia. Wengi hawajawahi kuhesabu.

Wazo la programu linatoka wapi? Mara nyingi kwenye kero ya mtu mmoja anayejulikana kwa jina. Huko India, mwaka 1986, familia ya Goenka ilikuwa na biashara na ikakosa programu ya hesabu iliyoifaa. Kijana wa nyumba hiyo akaandika yao, na ndiyo iliyokuja kuwa Tally, programu ya hesabu inayotumiwa na biashara nyingi huko. Huko Ujerumani, mwaka 1972, wahandisi watano walioacha kazi IBM walianzisha SAP, kampuni ya programu za kuendeshea biashara. Hawakuwa hata na kompyuta ya kampuni. Walifanyia kazi kwenye mashine ya mteja wao, kiwanda cha nailoni cha kampuni ya ICI mjini Östringen. Lakini jambo la kushika ni hili: walimwandikia mteja mmoja huku wakikusudia tangu mwanzo kwamba programu iwafae na wengine.

Hapo ndipo kampuni ndogo nyingi hujikwaa. Mteja mkubwa anakuja na ombi lake, analipa vizuri, nawe unamnakilia programu na kuibadilisha kidogo. Wa pili naye hivyo hivyo. Baada ya miaka mitatu una matoleo 11 ya programu moja. Kosa likigundulika katika ukokotoaji wa kodi utalirekebisha mara 11, na mara moja kati ya hizo utasahau. Msimamo wetu ni mkali kidogo, na baadhi ya wenzetu hawaupendi: msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, uwe mmoja kwa wateja wote, tofauti zao zikae kwenye mipangilio, na ombi lisilowafaa angalau wateja watatu lijibiwe kwa heshima kwamba halitafanyika. Mteja akiondoka kwa sababu hiyo, mwache aende. Akiwa ndiye analeta nusu ya mapato yako, basi tayari umeajiriwa naye, ila hujapewa mkataba wa ajira.

Zana nazo zina umri. Visual Basic 6, zana ya Microsoft ya kuandikia programu, ilitoka mwaka 1998, na programu nyingi ndogo za biashara zilijengwa kwayo. Mwaka 2002 Microsoft ilileta toleo jipya ambalo halikuweza kuendesha msimbo wa zamani bila kuufanyia kazi kubwa, na mwaka 2008 zana ile ya awali ikaachwa bila msaada. Aliyekuwa na wasaa aliandika upya, wengine walifunga. Kwa hiyo chagua zana zilizozoeleka, zenye watumiaji wengi na ambazo matoleo yake mapya bado yanaendesha kazi iliyoandikwa kwa matoleo ya nyuma. SQLite, programu ya kuhifadhi na kupanga data, iliyoanza mwaka 2000 na kutunzwa na timu ndogo sana, imetangaza kuwa inakusudia kuhudumiwa hadi mwaka 2050. Zana ya namna hiyo haitakupa hadithi ya kusimulia kwenye mkutano wa vijana wa teknolojia, lakini utalala.

Kuhusu mtaji tuseme kwa kifupi. Mwekezaji anayetaka fedha zake zirudi mara kumi ndani ya miaka michache hatafuti kampuni itakayokaa miaka 30 na wateja 300. Hana kosa, mnataka vitu viwili tofauti. Ada za wateja, zikilipwa mwanzoni mwa mwaka, ni mtaji pia, ingawa ni za huduma ambayo bado hujaitoa na si busara kuzitumia kana kwamba ni faida.

Limebaki la mwanzilishi mwenyewe. Mteja makini atakuuliza itakuwaje ukiugua au ukifariki, na ana haki ya kupata jibu. Mpe njia ya kutoa data zake zote katika mafaili yanayofunguka kwingine. Weka nakala ya msimbo kwa wakili au mtu wa tatu, kwa masharti yaliyoandikwa. Nakala rudufu zirejeshwe kwa majaribio kila baada ya miezi kadhaa, maana nakala ambayo haijawahi kurejeshwa ni matumaini tu. Kisha zima simu kwa wiki mbili, ofisi iendelee bila wewe. Ukirudi, andika kila swali lililobaki likikusubiri: hayo ndiyo mambo ambayo bado yamo kichwani mwako peke yake, na ndiyo kazi ya mwezi unaofuata.