Damu ya utafiti huenda wapi?

Watafiti wa afya wakifika kijijini na sindano, mara nyingi minong'ono imeshawatangulia: damu hiyo inakwenda kuuzwa. Imani hii ni ya miaka mingi, na haikuzuka bure. Kuna waliotolewa damu zamani bila kuelezwa lolote.

Tazama kichupa chenyewe. Kile chenye kifuniko cha zambarau hubeba mililita 3 hadi 5 hivi, kama kijiko cha chai, na ndani kimewekwa dawa ya kuzuia damu isigande. Mgonjwa haongezewi damu hiyo. Mfuko wa kuongezea una takriban mililita 450. Kichupa huishia maabara, kuhesabiwa chembe au kutafutwa vimelea vya malaria.

Kabla ya kutia saini au dole gumba, omba usomewe fomu ya ridhaa: damu kiasi gani, itahifadhiwa wapi, hadi lini, na je, itapelekwa nje ya nchi? Tafuta humo namba ya kibali cha utafiti na simu ya kamati ya maadili, yaani kamati inayokagua utafiti, kisha piga. (Mimi ningepiga hata kama namwamini daktari.) Omba nakala yako. Kujitoa ni ruhusa siku yoyote, na matibabu yako ya kawaida hayakatizwi.