Ukitaka kujua chombo kimefinyangwaje, tafuta kilichovunjika

Watu wakija Gedi, magofu ya mji wa kale wa Waswahili karibu na Malindi, Kenya, wanapiga picha kasri na msikiti mkubwa, hasa tangu iingie orodha ya urithi wa dunia 2024, halafu makumbusho wanapita vigae, yaani vipande vya vyombo vilivyovunjika, haraka haraka kama wamekimbizwa. Mimi wanafunzi wangu wa ufinyanzi naanza nao hapo hapo. Chombo kizima kinaficha kazi yake, kikivunjika fundi hana pa kujificha tena.

Anza na vyungu vya kwetu, vile vyekundu visivyo na glezi, yaani ule utando wa kioo unaong'arisha chombo. Tazama pale palipovunjika: nje nyekundu, ndani nyekundu, katikati kuna mstari mweusi. Wengi husema masizi ya jikoni, kumbe wapi! Udongo unachimbwa na mabaki ya mimea ndani yake, yaani kaboni, na ili iungue yote lazima hewa iingie mpaka katikati, sasa ukichomea uwanjani kwa kuni na majani moto unapanda upesi na kuzimika upesi, mara nyingi digrii 600 hadi 900 hivi, kaboni ya katikati haiwahi kuungua. Mstari ukiwa mnene, moto ulikuwa wa haraka.

Utaona pia chembe za mchanga, na hapa vijana wa siku hizi wanacheka ati kazi ya ovyo. Hizo zimewekwa makusudi jamani. Chungu kikiwa jikoni chini kunapata moto kuliko juu, kinatanuka visivyo sawa, na chembe ndizo zinazouzuia ufa usiendelee. Udongo laini mtupu unapendeza, lakini uteleke mchuzi wa nazi uone.

Kigae cha kauri ya China ni mambo mengine kabisa: ni cheupe mpaka ndani, hakina mstari, maji hayapenyi. Ile ya Jingdezhen, mji wa wafinyanzi huko China, ni udongo mweupe uitwao kaolini uliochanganywa na jiwe la kusagwa, ukapelekwa karibu digrii 1300, hapo sehemu yake inageuka kioo. Michoro ya buluu ni rangi ya madini ya kobalti, inachorwa kwenye chombo kibichi, inafunikwa glezi juu, vyote vinaingia tanuri mara moja.

Ila ninachokipenda zaidi ni vile vya kijani vya Longquan, huko huko China. Ule ukijani ni chuma, kidogo tu ndani ya glezi, kikachomwa kwenye tanuri lililonyimwa hewa. Na wekundu wa chungu chetu je? Chuma hicho hicho, ila kimepata hewa! Nikisema hivi darasani kuna mtu lazima abishe, basi tunachoma vipande viwili vya udongo mmoja, kimoja wazi, kingine kimefukiwa kwenye pumba, wajionee.

Halafu pindua chombo uone kitako. Mara nyingi ule ukingo wa chini haupakwi glezi, maana ikiyeyuka ingekigandisha chombo kwenye sakafu ya tanuri. Ndio maana lile kaburi la mnara la Mambrui, kaskazini mwa Malindi, pamoja na uzuri wa bakuli zake za Kichina, kwa mwanafunzi halinisaidii sana, vitako vyote vimezama kwenye chokaa.

Shanga za kioo nitazisema siku nyingine, kwa leo chungulia tu viputo vya hewa: vikiwa vimelala kufuata tundu, kioo kilivutwa kama mrija kikakatwa, vikizunguka tundu, basi kilizungushwa kwenye waya.

Na tafadhali kigae cha Gedi kiacheni hapo hapo, hata ukikikuta njiani, sheria ya urithi ya 2006 haina mchezo. Cha kuvunja nunua sokoni, chetezo cha bei ya chini kinatosha, ila kiwe kipya kisichotiwa makaa bado, moshi wa ubani usije ukakuchanganya na ule mstari. Kifunge kwenye kitambaa ndio ukigonge, vipande visikurukie machoni.