“Mtandao wa mteja ndio mbovu” na dhana nyingine zinazoharibu tovuti kwenye simu

Tovuti ya biashara ikilalamikiwa kuwa inachelewa kufunguka kwenye simu, mwenyewe huwa na jibu tayari: mtandao wa mteja ndio mbovu, mbona kwangu inafunguka vizuri? Jibu hili limechosha. Linaiacha tovuti nzito ibaki vilevile huku wateja wakienda kununua kwingine.

Kwako inafunguka kwa sababu umeshaifungua mara nyingi, na mafaili yake yamehifadhiwa kwenye kivinjari chako. Isitoshe, unatumia Wi-Fi ya ofisini, na simu yako ni ya bei kuliko za wateja wako wengi. Anayeingia kwa mara ya kwanza, akitumia bando la siku na simu ya Android yenye RAM ya GB 2, hana hata kimoja kati ya hivyo.

Chunguza picha kwanza. Kamera ya megapikseli 12 hutoa picha yenye upana wa pikseli 4000 na urefu wa 3000, faili la MB 3 hadi 5, na watu huipandisha kwenye tovuti kama ilivyotoka. Kioo cha simu nyingi za bei nafuu kina upana wa pikseli 720 tu. Mteja anakatwa bando kwa pikseli ambazo kioo chake hakiwezi kuzionyesha! Piga hesabu: picha tano za MB 4 ni MB 20, yaani megabiti 160. Kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde, hizo ni sekunde 80. Nani atasubiri sekunde 80 kuona bei ya kitenge?

Punguza upana hadi pikseli 800, kisha hifadhi kwa WebP, aina ya faili la picha jepesi, ubora wa 75 kati ya 100. Mara nyingi faili litashuka chini ya KB 150, na kwa jicho hutaona tofauti. Tengeneza saizi mbili tatu uziorodheshe kwenye srcset, sehemu ya msimbo wa picha inayotaja saizi zilizopo, kivinjari kichague chenyewe. Kila picha iandikiwe width na height (upana na urefu) kwenye msimbo, la sivyo maandishi yataruka picha inapofika na mteja atabonyeza asichokusudia. Picha za chini zipewe loading="lazy", yaani zipakuliwe pale tu mteja anapozikaribia. Ile ya juu kabisa usiipe kamwe, maana ndiyo inayosubiriwa kuonekana, na hapo utakuwa unaichelewesha kwa mkono wako.

Baada ya picha, JavaScript, yaani msimbo unaoendesha vitufe na vitu vinavyosogea kwenye ukurasa. KB 300 za picha si sawa na KB 300 za JavaScript. Picha ikifika huchorwa, basi. JavaScript ni lazima ifumuliwe, isomwe, kisha itekelezwe na prosesa ya simu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hupita njia ileile inayoshughulikia mguso wa kidole. Ndiyo maana ukurasa unaonekana umeshafunguka, mteja anabonyeza “Agiza”, kimya. Anabonyeza tena, na oda huweza kuingia mara mbili. Hapo mtandao umekosa nini? Tafuta slaida ya picha zinazopishana, dirisha la kuchati, vifuatiliaji vya matangazo na plagini (programu ndogo za nyongeza) ambazo hakuna anayekumbuka nani aliziweka. Slaida iondoke leo. Picha moja nzuri inatosha.

Kupima ni rahisi. Fungua tovuti kwenye Chrome ya kompyuta, bonyeza F12, nenda Network, zima kache (mafaili ambayo kivinjari kimeyahifadhi) na uchague Slow 4G, inayoigiza mtandao wa polepole. Kisha kwenye Performance punguza kasi ya prosesa mara 4. Viwango vya Google viko wazi: kitu kikubwa zaidi kwenye skrini kionekane ndani ya sekunde 2.5, mguso uitikiwe ndani ya milisekunde 200, na kipimo cha kuyumba kwa ukurasa kisizidi 0.1. Hata hivyo, ushauri wangu mkuu ni huu: nunua simu ya bei ya chini uliyoikuta dukani, iwe ya ofisi, na usipokee kazi ya fundi yeyote kabla hujaifungua humo kwa data ya kawaida.

Dhana nyingine ni hii: “Bila aplikesheni huna biashara ya simu.” Si kweli. Tovuti yenye HTTPS (muunganisho salama), faili la manifest (linalotaja jina na ikoni yake) na service worker (msimbo unaohifadhi kurasa kwenye simu) inaweza kukaa kwenye skrini ya mwanzo na kufunguka hata intaneti ikikatika. Arifa zinafika kwenye Android, na kwenye iPhone tangu mfumo wake wa iOS 16.4 wa mwaka 2023, mradi mtumiaji ameiweka kwenye skrini hiyo. Apple hutoza dola 99 kila mwaka kwa akaunti ya msanidi, Google dola 25 mara moja, na bado hujamlipa fundi.

“Toleo la simu lipunguzwe maelezo.” Google huisoma tovuti yako kama simu inavyoiona. Maelezo ya bidhaa uliyoyabakiza kwenye kompyuta tu hayatakusaidia kupatikana.

“Futa kache kila siku tovuti ziwe nyepesi.” Ukiifuta, nembo, fonti na picha zilezile zinapakuliwa upya, na bando linakwenda. Futa pale tu ukurasa unapogoma kuonyesha mabadiliko, na uanze na data ya tovuti hiyo peke yake: kwenye Chrome ya Android, gusa alama iliyo kando ya anwani, ingia kwenye mipangilio ya tovuti hiyo, ufute data yake. Ukiwa umeingia kwenye akaunti humo, itakubidi uingie upya.